Daraja la Greenville lilikuja mwisho

Mhariri,

Makala yenu kuhusu miji ya Marekani iliyofufua maeneo yake ya katikati tumeisoma kwa furaha, ila hadithi yake imeanzia mkiani. Mwandishi amesimama juu ya Daraja la Liberty pale Greenville, South Carolina, akatazama maporomoko ya mto Reedy, akaona watu wamejaa kwenye mikahawa, akahitimisha kwamba daraja ndilo lililouamsha mji. Picha mliyochapa ni nzuri kweli. Lakini daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2004, na kazi iliyoleta watu wa kulivuka ilianza robo karne nyuma yake. Ilikuwa kazi ambayo hakuna mpiga picha aliyeihangaikia: kupunguza upana wa barabara.

Tuipange miaka vizuri. Max Heller alikuwa meya tangu 1971 hadi 1979. Wakati huo Main Street ilikuwa na njia nne za magari, na wateja walikwisha kuanza kufuata maduka ya pembezoni yenye maegesho ya bure. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mpango wa msanifu mandhari Lawrence Halprin, njia nne zikawa mbili, pembeni pakapanuliwa kwa waenda kwa miguu, miti ikapandwa, magari yakaanza kuegeshwa mshazari. Hoteli ya Hyatt ikaja 1982. Ukumbi wa Peace Center ukaja 1990. Mwaka 2002 ndipo lilipobomolewa daraja la magari la Camperdown, ambalo tangu 1960 lilikuwa limeyafunika maporomoko yale yale mliyoyasifu. Liberty, lenye urefu wa futi 355 na lisiloruhusu gari hata moja, likafuata miaka miwili baadaye. Na huu ni mji wa watu kama 70,000 tu. Halmashauri inayotaka kuiga Greenville ikaanza na daraja, imenunua kilemba kabla ya kanzu.

Waliojaribu njia hiyo wapo. Flint, Michigan, ilifungua AutoWorld Julai 1984, bustani ya burudani ya ndani iliyogharimu dola milioni zipatazo 80 na iliyotarajiwa kurudisha wageni mjini. Miezi sita baadaye milango ilifungwa. Ikafunguliwa tena kwa kusuasua, kisha mwaka 1997 jengo likabomolewa. Mitaa iliyolizunguka ilikuwa vile vile: mgeni akitoka nje hakuwa na pa kwenda ila kwenye gari lake.

Kwa hiyo tuanze na barabara, maana ndiko fedha ndogo inakofanya kazi kubwa.

Barabara nyingi za katikati ya miji ya Marekani zilipanuliwa na kufanywa za upande mmoja ili wafanyakazi watoke haraka saa za jioni kwenda kwao pembezoni. Sheria ya Makazi ya 1949 ililipia theluthi mbili za gharama halisi ya kubomoa mitaa iliyoitwa chakavu, na sheria ya barabara kuu ya 1956 ikalipia asilimia 90 ya barabara za kitaifa. Halmashauri iliyopewa fedha kwa masharti hayo ilibomoa, hasa mitaa ya Wamarekani Weusi. Leo baadhi ya miji inafukia ilichochimba. Rochester, New York, ilifukia upande wa mashariki wa barabara yake ya mzunguko, Inner Loop, kati ya 2014 na 2017, na penye shimo la magari sasa pana nyumba za kupangisha.

Lakini mji wa kawaida hauhitaji kufukia chochote. Unahitaji futi ya kupimia na rangi. Chukua barabara yenye futi 80 kutoka ukuta wa duka hadi ukuta wa duka la ng'ambo. Njia nne za futi 12 zinakula 48. Maegesho ya sambamba pande zote mbili, futi 8 kila upande, yanakula 16. Waenda kwa miguu wanabakiwa na futi 8 kila upande, na humo humo kuna nguzo ya taa, pipa la taka na mlango wa duka unaofungukia nje. Sasa weka njia mbili za futi 11, uache maegesho yalivyo: kila upande unapata futi 21. Hapo meza za mkahawa zinakaa, mti unakaa, na mama mwenye kigari cha mtoto anapita bila kuomba njia.

Magari yataenda wapi? Swali hili huulizwa kila mkutano, na linastahili jibu la namba. Mamlaka ya Barabara Kuu ya Shirikisho inaona barabara ya njia nne yenye magari 20,000 au pungufu kwa siku inafaa kupunguzwa kuwa ya njia tatu, ya katikati ikiwa ya kukatia kona. Njia mbili tupu zinabeba pungufu ya hapo. Kwa hiyo hesabu magari kwanza, tena siku za kazi, shule zikiwa wazi. Louisville, Kentucky, ilizigeuza barabara za Brook na First kutoka upande mmoja kuwa za pande mbili mwaka 2011. Ajali zikapungua kwa asilimia 36 kwenye moja na 60 kwenye nyingine, ilhali idadi ya magari iliongezeka.

Panapoharibika ni pengine kabisa. Kwanza, barabara kuu ya mji mara nyingi ni mali ya jimbo, kwa hiyo halmashauri haiwezi hata kuhamisha mstari mweupe bila kibali. Njia mojawapo ni mji kuichukua barabara pamoja na mzigo wa kuitengeneza milele, na hilo linatakiwa liingie kwenye bajeti kabla ya sherehe. Pili, zimamoto. Kanuni zinazotumika katika miji mingi zinadai futi 20 wazi kwa gari la zimamoto, na 26 mbele ya majengo yanayozidi futi 30 kwenda juu, ili gari la ngazi lipate pa kutanua miguu yake. Futi zetu 22 zinapita 20, ila hazifiki 26. Michoro ikiwa imekamilika ndipo mkuu wa zimamoto anapoletewa asaini, naye anakataa, na ana haki. Dawa yake ni rahisi endapo ameitwa siku ya kwanza: mbele ya kila jengo refu ondoa maegesho, weka sehemu ya kupakulia mizigo. Futi 8 za hapo na 22 za njia zinakuwa 30, na malori ya vinywaji nayo yanapata pa kusimama asubuhi.

Halafu kuna kilicho chini. Mhariri, kama kuna sehemu moja ya barua hii tungependa isikatwe, ni hii.

Miji ya zamani ya Marekani ina vyumba chini ya njia za waenda kwa miguu. Ghala la chini la duka halikuishia kwenye ukuta wa mbele, lilipenya hadi ukingoni mwa barabara, ili makaa na mizigo vishushwe kupitia mfuniko wa chuma. Duka limebadilisha wenyewe mara tano, mfuniko umezibwa kwa zege, hakuna anayekumbuka. Mkandarasi anakuja kuchimba shimo la mti, ncha ya mashine inadidimia, chini kuna giza na boriti za chuma zilizoliwa na kutu. Kazi inasimama. Mwenye jengo anaambiwa paa la chumba hicho ni juu yake, naye anapiga simu kwa wakili. Wiki sita zinapita huku duka lake likiwa limezungushiwa uzio.

Kuzuia hilo si gharama kubwa. Kabla mchoraji hajachora mti hata mmoja, mtu aingie kwenye ghala la chini la kila jengo na tochi na futi, apime kutoka ukuta wa mbele kwenda barabarani, aandike. Penye chumba, chagua moja kati ya mawili: jenga ukuta kwenye mstari wa jengo na ujaze kwa zege jepesi la majimaji, au jenga paa jipya na usipande mti hapo. Na penye udongo halisi, mpe mti udongo wa kutosha. Shimo la futi 4 kwa 4 lenye kina cha futi 3 ni futi za ujazo 48. Mti mkubwa wa kivuli unataka kama 1,000. Ndiyo maana miti ya mijini inadumaa na kufa mapema, kisha fundi wa bustani analaumiwa. Mashimo yaunganishwe kwa mtaro mmoja mrefu chini ya matofali ya njia, na matofali yabebwe na fremu ili udongo usishindiliwe.

Barabara ikiwa bado imechimbuliwa, kuna mabomba mawili ya kuweka ambayo hayaonekani kwenye michoro mizuri ya rangi. La kwanza ni bomba la maji ya kuzimia moto. Ghorofa za juu za maduka yale zina bomba la maji la inchi moja au pungufu, lililotosha sinki na choo. Zikigeuzwa kuwa nyumba za kuishi, kanuni zinadai vinyunyizi vya kuzimia moto, na hivyo kwa kawaida vinataka bomba lake la peke yake, mara nyingi la inchi 4 au 6, lililounganishwa na bomba kuu katikati ya barabara. Halmashauri imemaliza kuweka matofali mapya, mwaka unaofuata mwenye jengo anaomba kibali cha kuyapasua. Ama ananyimwa, ghorofa inabaki na njiwa, ama anakubaliwa na barabara mpya inapata kiraka. Weka kipande cha bomba kilichozibwa mdomo hadi ukutani kwa kila jengo, hata kwa yule anayesema hana mpango wowote. Pima na msukumo wa maji wakati huo huo, maana ukiwa hafifu kila jengo litahitaji pampu, na pampu moja inaweza kumtoa mwenye jengo mdogo kwenye hesabu.

La pili ni la mafuta ya jikoni. Mtaa unaofufuka huvutia mikahawa, na mkahawa unatakiwa kuwa na kinasa mafuta kabla maji yake hayajaingia kwenye mfereji wa maji machafu. Kile kikubwa hukaa nje chini ya ardhi. Nje ni wapi, ikiwa ukuta wa duka unagusa njia ya miguu? Ni chini ya njia hiyo hiyo mliyokwisha kuipamba. Jiko linataka pia bomba la moshi linalopanda hadi juu ya paa, likipita ndani ya ghorofa zinazogeuzwa nyumba. Acha nafasi ya bomba hilo kwenye kila ghorofa, hata kama duka la chini leo linauza viatu.

Tukipanda juu, jengo la kawaida la karne ya 19 lina upana wa futi 25 na kina cha futi 100, na kuta za ubavuni limechangia na majirani. Mwanga unaingia mbele na nyuma tu. Futi 40 za katikati ni giza. Anayetaka kubana nyumba nne kwa ghorofa anatengeneza vyumba vya kulala visivyo na dirisha, ambavyo havipangishiki na mara nyingi haviruhusiwi. Zinakaa mbili: moja inatazama barabara, nyingine uchochoro, na katikati unaweka bafu, kabati, mashine ya kufulia na ngazi. Ngazi moja inakubalika kwa nyumba za kupangisha hadi ghorofa tatu, kuhesabu ya chini, ikiwa kila ghorofa ina nyumba zisizozidi nne na safari ya kutoka ni fupi. Ghorofa ya nne ikiingia, kwa kanuni za sehemu nyingi inataka ngazi ya pili, na ngazi ya pili ndani ya futi 25 inakula chumba kizima kwenye kila sakafu. Mwenye jengo la ghorofa nne mara nyingi anapata faida zaidi akiiacha ya juu kuwa stoo. Inasikitisha, lakini hesabu ndivyo inavyosema.

Minara ya ofisi ya miaka ya 1970 ni shida nyingine. Sakafu zake ni pana mno, kutoka dirishani hadi kwenye lifti ni mbali, vyoo vyote viko sehemu moja na madirisha hayafunguki. Minara ya miaka ya 1920, myembamba na yenye nafasi wazi za kuingizia mwanga katikati, ndiyo inayogeuzwa nyumba kwa urahisi. Tusikae hapo.

Matofali nayo yanauliwa na nia njema. Tofali la karne ya 19 ni laini kuliko la leo, na lilijengewa chokaa na mchanga ili unyevu wa ukutani utokee kwenye viungo. Fundi wa leo anaviona viungo vimelika, anachanganya saruji, anaziba. Saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe na haipitishi unyevu vizuri, basi maji yanatafuta njia kupitia uso wa tofali. Baridi ikiingia yanaganda, uso unabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Baada ya majira machache ya baridi ukuta uliodumu zaidi ya karne unaanza kumwagika chini. Jaribio la kwanza ni la msumari: kwaruza kiungo cha asili, kikitoka unga, ni chokaa. Rudishia chokaa, sehemu moja kwa mchanga sehemu mbili na nusu hadi tatu. Toa kilichooza hadi kina cha mara mbili au mbili na nusu ya upana wa kiungo, kwa mkono na patasi hasa kwenye viungo vya wima, kwa sababu mashine ya kukatia itakata matofali ya juu na chini. Jaza kwa tabaka za robo inchi, kila moja ishike kabla ya inayofuata. Na asije mtu na mashine ya kupuliza mchanga. Inang'oa ngozi ngumu iliyopatikana tanuruni, na ngozi hiyo hairudi.

Pia kuna mabati ya alumini yaliyobandikwa mbele ya maduka miaka ya 1950 na 1960 ili yafanane na ya pembezoni. Kuyatoa kunapendeza kwenye picha za kabla na baada. Ila fungua kwanza kidirisha kidogo juu na kingine pembeni uchungulie. Mara nyingi aliyeyaweka alikata pambo la juu la ukuta ili bati likae sawa, na bajeti ya kutoa bati inageuka bajeti ya kujenga pambo upya.

Haya yote yana uhusiano wa moja kwa moja na kodi. Serikali ya shirikisho inatoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati wa jengo la kihistoria linaloingiza kipato, na tangu sheria ya 2017 nafuu hiyo inalipwa kwa miaka mitano, asilimia 4 kila mwaka. Sharti la kwanza ni kutumia, ndani ya miezi 24, zaidi ya thamani ya jengo lenyewe kwenye vitabu. Mfano: umenunua kwa dola 300,000, ardhi ni 60,000, na uchakavu uliokwisha kudaiwa ni 40,000. Umebaki na 200,000, kwa hiyo lazima uzidi hapo. Ukitumia 500,000 kwenye kazi zinazokubalika unapata 100,000, yaani 20,000 kwa mwaka. Bei ya kununulia haihesabiwi, bustani haihesabiwi, chumba kipya kilichoongezwa nyuma hakihesabiwi. Maombi yana sehemu tatu, yanapitia ofisi ya jimbo kisha Idara ya Hifadhi za Taifa. Anayebomoa kuta kabla sehemu ya pili haijakubaliwa, anayeng'oa madirisha ya mbao yanayotengenezeka akaweka ya plastiki, au anayepuliza mchanga kwenye matofali, anaweza kuikosa yote. Na akiliuza jengo kabla ya miaka mitano, anarudisha sehemu yake. Picha za ndani zipigwe kila chumba kabla nyundo haijagusa kitu. Wengi husahau.

Makala yenu ilisema pia kwamba miji hii inajilipia yenyewe kwa mfumo uitwao TIF. Hapo tunapinga kidogo. Mfumo huo ulianzia California mwaka 1952. Halmashauri inachora mpaka, inagandisha thamani ya majengo ya mwaka huo, na kila kodi inayotokana na ongezeko la thamani, kwa miaka 20 hadi 25 hivi, inaingia kwenye mfuko wa eneo badala ya kwenda kote inakotakiwa, shule zikiwemo. Fikirieni eneo lenye thamani ya dola milioni 10 na kodi ya asilimia 2. Baada ya miaka kumi limefika milioni 16. Mfuko unapata 120,000 kwa mwaka, na halmashauri inasema mradi umezaa. Lakini kama mkoa mzima umepanda asilimia 3 kwa mwaka, eneo hilo lingefika milioni 13.4 bila mradi wowote. Karibu 69,000 kati ya zile 120,000 ni ongezeko ambalo lingekuja lenyewe, na shule zimelikosa. Mpango wa haki unaipandisha thamani iliyogandishwa kwa kasi ya mkoa, na mfuko unachukua kinachozidi hapo tu. California yenyewe ilivunja mashirika yake ya uendelezaji mwaka 2012, kama 400 hivi, moja ya sababu ikiwa ni fedha za shule.

Hatari nyingine ni kutegemea kodi ya jengo ambalo halijajengwa. New London, Connecticut, ilitwaa nyumba za watu Fort Trumbull kwa ajili ya mradi wa kupandisha kodi, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 mji ukashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Nyumba ziliondolewa. Mwaka 2009 kampuni ya Pfizer, jirani aliyekuwa nguzo ya mpango, ikatangaza kuondoka. Kiwanja kikabaki nyasi kwa miaka mingi. Mji ulishinda kesi ukapoteza walipa kodi.

Maegesho tutayapitia haraka, kwa kuwa hesabu yake inajieleza. Kanuni za zamani zinadai nafasi moja na nusu kwa kila nyumba. Lile jengo letu la futi 25 kwa 100 limekaa kwenye futi za mraba 2,500. Likiwa na nyumba sita, linadaiwa nafasi tisa, na kila nafasi pamoja na njia ya kuingilia inakula kama futi za mraba 325. Jumla 2,925. Maegesho yamezidi kiwanja chenyewe. Kwa hiyo kanuni hiyo inamwambia mwenye jengo alinunue la jirani alibomoe. Buffalo na Hartford ziliachana nayo kwa sehemu kubwa mwaka 2017. Mji ambao bado unayo usitumie senti moja kwenye taa za mapambo kabla haujaifuta.

La mwisho linawahusu wasomaji wenu walioko huku Marekani wenye fremu za kuuza vyakula, vitambaa au za kusuka nywele, kwa sababu mtaa ukichangamka wao ndio wa kwanza kuhama. Wengi hudhani kinachowatoa ni kodi ya pango. Mara nyingi ni karatasi ya nyuma ya mkataba. Mikataba mingi ya biashara Marekani inamtwisha mpangaji kodi ya majengo, bima na matengenezo, juu ya pango. South Carolina, kwa mfano, inathamini upya kila miaka mitano na ongezeko limewekewa kikomo cha asilimia 15. Lakini jengo likiuzwa kikomo kinaondoka na thamani inaweza kupanda kuelekea bei ya soko. Mtaa umefufuka, mwenye jengo amemuuzia tajiri kutoka nje, na mwaka unaofuata muuza vitambaa analetewa ankara ya kodi ya jengo asilolimiliki.

Kabla ya kusaini, adai mambo matatu yaandikwe. Kodi ya majengo anayobebeshwa isipande kwa zaidi ya kiasi fulani kwa mwaka, hata jengo likiuzwa. Awe na haki ya kuongeza miaka mitano kwa pango lililokwisha kukubaliwa. Na ikiwa halmashauri itafunga njia ya miguu mbele ya mlango wake kwa ujenzi, pango lipungue kwa siku zote hizo. Hilo la tatu wenye majengo hulikataa mwanzoni, lakini baadhi hukubali wakionyeshwa ratiba ya ujenzi, na ratiba hiyo iulizwe ofisi ya uhandisi ya halmashauri. Aombe pia ile ya mabomba ya chini, si ya matofali peke yake.

Wasomaji wenu,
Wafanyakazi wa mipango miji
South Carolina, Marekani